Namna ya Kusaga Kidani cha Jade kwa Mkono, Kama Nilivyofundishwa Suzhou

Kwa Kiswahili husema "kuchonga jade", na mtu aliyezoea mpingo huja akiwaza patasi na nyundo. Jiwe hili halichongeki hivyo. Nefriti, ambayo ndiyo jade waliyoitumia Wachina kwa maelfu ya miaka, imesukwa kwa nyuzi ndogo mno za madini zilizoshikana kama ukili wa mkeka, kiasi kwamba ncha ya chuma huteleza juu yake. Kinachoila ni punje za kitu kigumu kuliko lenyewe, zikisuguliwa pamoja na maji. Mafundi wa zamani walikanyaga vibao vya miguu vilivyozungusha kisahani cha chuma, huku wakikilisha mchanga uliolowa. Siku hizi tunatumia mota na unga wa almasi, lakini kazi ni ileile ya kusaga.

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa siku nne na kijana wa Morogoro anayesoma hapa Suzhou, China, aliyetaka kumpelekea mama yake kidani alichokitengeneza mwenyewe. Nilimchagulia ping'an kou, kisahani cha duara chenye tundu katikati, ambacho jina lake hubeba maana ya usalama na amani. Asili yake ni bi, yale mabamba ya duara ambayo watu wa utamaduni wa Liangzhu, karibu na Hangzhou ya leo, walizikwa nayo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Yeye alitaka joka, nami nikamwambia kwamba anayeanza na joka huishia na mjusi.

Hatua ya 1: Kulichagua na kulisoma jiwe

Nunua nefriti ya Qinghai au ya Urusi. Ile ya Hetian, Xinjiang, hasa kokoto za mto Yurungkash, ni ghali mno kwa mkono unaojifunza. Jadeiti ya kijani kutoka Myanmar, aina ya pili ya jade, ambayo ilianza kuingia China kwa wingi katika karne ya 18 tu, nayo iache kwa sasa, kwani ina tabia zake. Pitisha ncha ya kisu cha chuma mahali pasipoonekana: ikiacha mfereji, umeuziwa jiwe laini kama serpentini au marumaru; ikiacha mstari wa kijivu unaofutika kwa kidole, huo ni unga wa kisu chenyewe, na jiwe lina ugumu unaotakiwa. Kisha limulike kwa tochi kutoka nyuma ili nyufa zijitokeze.

Usifanye haraka kuondoa ganda la kahawia. Wachina huita qiaose ule ustadi wa kuifanya rangi ya asili ya jiwe iwe sehemu ya umbo, na mfano wake unaojulikana zaidi ni ile kabichi ya jadeiti iliyomo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Ikulu, Taipei, ambamo sehemu nyeupe ya jiwe imekuwa shina na sehemu ya kijani imekuwa majani. Jiwe la kijana wangu lilikuwa na doa dogo la kutu ukingoni, tukaliacha.

Hatua ya 2: Kukata bamba

Chora duara la milimita 40 kwa wino usiofutika kwa maji, kata bamba la unene wa milimita 7, kisha punguza pembe. Maji yatiririke muda wote, kwa sababu vumbi la jiwe hili likiingia mapafuni halitoki. Barakoa haichukui nafasi ya maji.

Hatua ya 3: Kutoboa tundu

Tumia keekee ya bomba yenye almasi, ingia hadi nusu ya unene, geuza bamba, umalizie upande wa pili. Ukitoboa moja kwa moja, ukingo wa upande wa kutokea utameguka. Watu wa Liangzhu walijua hili, na katika vipande vyao vingi bado kinaonekana kidato pale mashimo mawili yalipokutana bila kulingana.

Hatua ya 4: Kuumba mgongo

Saga pande zote mbili ziinuke kidogo kama kitumbua. Nunua vichwa ambavyo almasi yake imechanganywa na chuma hadi ndani, wala si vile vilivyopakwa juu tu, ambavyo huwa vipara kabla ya kazi kwisha.

Hatua ya 5: Msasa

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima mwaka wangu wa kwanza. Mpangilio ni rahisi kuuandika: msasa wa maji namba 240, kisha 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000 na 3000. Mara tatu nilifika 3000, na mara tatu nikakuta mkwaruzo mmoja mrefu kando ya tundu, nikarudi 400. Nililaumu jiwe, nikalaumu msasa, hadi mwalimu wangu alipoingiza kidole katika bakuli langu la maji na kunionyesha punje zilizotulia chini. Nilikuwa nikitumia maji yaleyale tangu 240. Kwa hiyo, kila unapobadili namba, mwaga maji, osha bakuli, osha jiwe kwa mswaki hadi ndani ya tundu, na usafishe kucha zako, maana punje moja iliyobaki chini ya ukucha inatosha.

Jambo la pili ni kwamba maji hudanganya. Jiwe lililolowa huonekana laini kwa sababu maji yamejaza mikwaruzo, kwa hiyo likaushe kabisa na ulitazame chini ya taa iliyolazwa ubavuni kabla ya kusonga mbele. Sugua kila namba kwa kukingamana na mistari ya namba iliyotangulia, na usibadili hadi ile ya zamani itoweke yote.

La tatu ni uso kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Hutokea unapogandamiza sana, au unapotumia sponji laini inayozunguka kwa kasi, kwa sababu sehemu laini za jiwe huchimbika kabla ya zile ngumu. Kuendelea na namba za juu, zenye punje laini zaidi, hakuponyi hali hiyo, rudi 400. Mimi hufunga msasa kwenye kipande cha mwanzi na kusugua kwa mkono, na mota naizima kabisa kuanzia 800.

Hatua ya 6: Kumalizia

Wengi hupaka sasa unga wa almasi hadi jiwe ling'ae kama kioo. Kwa jadeiti hiyo ni sawa. Nefriti nyeupe hupendeza ikiwa na mng'ao wa mafuta, hivyo mimi huishia 3000 na kuifuta kwa ngozi kavu.

Kunja uzi wa hariri mara mbili, pitisha kitanzi ndani ya tundu, ingiza ncha ndani ya kitanzi na uvute. Doa la kutu liwe chini.