Somo: Kwa nini kaboni ya muhogo si sawa na ya mahindi

Wanakikundi, hamjambo. Leo ninaandika taratibu, maana nikifundisha mada hii hapa Mtwara naona wengi wanakariri namba bila kujua zinakotoka.

Hatua ya kwanza. Weka sahani mbili mezani: ugali wa makopa (muhogo mkavu) na ugali wa mahindi. Vyote ni wanga. Katika kila atomu 100 za kaboni, takriban 99 ni kaboni-12 na moja hivi ni kaboni-13, yenye nyutroni moja zaidi. Ila ugali wa mahindi una kaboni-13 zaidi kidogo.

Hatua ya pili, na hapa tukae. Hewa ya ukaa huingia kwenye jani la muhogo kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, na molekuli nyepesi hupenya upesi kidogo. Ndani inapokewa na kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho hukamata kaboni-12 kwa urahisi zaidi. Nzito nyingi hurudi nje. Mahindi nayo hupokea kaboni kwa kimeng'enya kingine kisichobagua sana, kisha huisukuma hadi seli za ndani na kuifungia humo. Rubisko imo humo pia, lakini karibu kila kilicholetwa hutumika. Mwambie mtu achague dagaa kwenye fungu, atachukua wakubwa. Mwambie alimalize fungu lote, hana tena cha kuchagua. Isotopu, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa nyutroni, hutengana pale tu panapobaki kitu.

Hatua ya tatu ni hesabu. Gawanya uwiano wa sampuli (kaboni-13 kwa kaboni-12) kwa uwiano wa kipimo rejea, 0.01118, uliotokana na kisukuku cha belemnaiti (mnyama wa kale wa baharini) cha Pee Dee, South Carolina, Marekani. Toa 1, zidisha kwa 1000. Tuseme muhogo umetoa 0.01088: jibu ni −26.8 kwa elfu. Mahindi yakitoa 0.01104, ni −12.5. Alama ya kutoa ina maana kaboni-13 ni pungufu kuliko ya kipimo rejea.

Hatua ya nne: kuna kutengana kusikotokana na nyepesi kuwahi, bali na mizani kati ya pande mbili. Hewa ya ukaa ikiyeyuka baharini na kutulia, bikaboneti (umbo ambalo kaboni huchukua majini) hubaki na kaboni-13 zaidi kuliko hewa, kama 8 kwa elfu kwenye nyuzi 25, kwa sababu isotopu nzito hukaa pale vifungo vilipo imara zaidi. Joto likizidi, tofauti hupungua.

MASWALI

Mwanakikundi, Liwale: Shikamoo mwalimu. Asali iliyochanganywa na sukari inajulikana kwa njia hii?
Jibu: Marahaba. Ndiyo, kama ni sukari ya miwa. Miwa ni kama mahindi, karibu −11, na asali nyingi ni karibu −25. Maabara hupima pia protini ya asali hiyohiyo. Asali safi hulingana nayo. Sukari ya kiazisukari haigunduliki hivyo, maana mmea wake uko kundi la muhogo.

Mwanakikundi, Kilwa: Na gesi asilia kama yetu ya Songo Songo?
Jibu: Methani ya vijidudu huwa nyepesi mno, mara nyingi chini ya −50. Iliyopikwa na joto la ardhini huwa kati ya −50 na −20 hivi. Wanajiolojia husoma pia ethani, gesi nyingine iliyoambatana nayo, kwani namba moja peke yake hupotosha.

Mwanakikundi, Newala: Mwalimu, kaboni-13 ina madhara mwilini?
Jibu: Hapana dada, haina mnururisho, umeichanganya na kaboni-14. Unayo hata kwenye nywele. Aliyekula muhogo miezi mitatu kisha akahamia mahindi, mabadiliko hayo husomeka kwenye unywele wake, kama sentimita moja kwa kila mwezi.