Ukitaka kufungua klabu ya vijana shehiani kwenu, anza na saa za wazee wenye kazi

Vijana wa Pemba na Unguja hatuna shida ya kukusanyika, kila mtaa una maskani yake, ina timu yake ya mpira, ina kikundi chake cha usafi. Shida ni saa, kama mnataka klabu ikae na watoto wakati wazee, yaani baba na mama, wako kazini. Klabu nyingi zinafunguliwa saa kumi jioni watu wakishatulia na zinafungwa magharibi, lakini mama anaelima mwani alikuwa majini tangu asubuhi, mtoto wake wa mkondo wa mchana (anaeingia skuli mchana) alikuwa anazurura tu na sare begani, na klabu muda wote huo ina kufuli. Sasa hiyo imemsaidia nani? Imewasaidia wanaopenda mpira, si vibaya, lakini mzee anaefanya kazi bado yuko pale pale.

Kwa hivo kabla ya jina, kabla ya fulana na muhuri (na najua nyie mnaanza na fulana), chukueni daftari moja mpite nyumba kwa nyumba. Maswali matatu yanatosha: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, na mtoto akiwa hayupo skuli wala chuoni (madrasa) anakaa na nani. Usiende na fomu ya kuchapisha manake watu wakiona fomu wanajua kuna mradi na wanaanza kukujibu wanachodhani unataka kusikia. Kaa barazani, salimia, uliza hali, alafu ndo uulize. Jibu la swali la tatu ndo la kusikiliza khasa, mana wengi watakwambia "anakaa na nduguye" na huyo nduguye ana miaka tisa.

Mkishamaliza mtaona kila pahala pana saa zake. Kwenye vijiji vya mwani, Kiuyu, Tumbe, Micheweni, au kwa upande wa Unguja Paje na Jambiani, saa ya kazi ni ya bahari sio ya ukutani. Mama anaingia kwenye bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kukauka sana, na bamvua kwetu maji yanakauka mnamo saa nne asubuhi, siku ya pili yake yanachelewa karibu saa nzima, hivo hivo yanakwenda yakisogea. Yeye anatoka mapema ayakute yanatoka na anarudi yanajaa, kwa hivo ameondoka nyumbani tangu saa mbili mpaka saa saba au nane. Na uzuri wake hii huna haja ya kubahatisha, kalenda ya Kiislamu iko ukutani kila nyumba: ekeni alama kuanzia mwezi 29 mpaka mwezi 4 au 5, na tena mwezi 14 mpaka 19 hivi, siku hizo klabu ifunguliwe asubuhi saa mbili kasorobo bila kukosa. Maji mafu yakiingia, siku ambazo bahari haikauki sana, mama yupo nyumbani, hapo asubuhi fungeni mpumzike, mfungue jioni tu. Yaani ratiba yenu inafuata mwezi, na mtu akiona ajabu mwambieni hata wavuvi hawajawahi kupanga kazi kwa Jumatatu na Jumanne.

Wa mjini na wa hoteli ni tofauti. Hoteli kuna zamu, anaeingia mchana anatoka usiku, na hapo sio kazi ya klabu kukaa na watoto mpaka usiku, muwe wakweli, mnachoweza ni kuhakikisha mtoto amefika kwa bibi au kwa shangazi kabla ya magharibi. Wauzaji wa sokoni wao wanataka mchana. Wale wanaochemsha dagaa dikoni (pwani vyombo vya uvuvi vinapofikia) wanatoka alfajiri giza bado, kwao linalosaidia ni mtu mmoja wa klabu kupita kuwachukua watoto kuwapeleka skuli kwa kundi, na hilo halihitaji hata jengo.

Jengo lenyewe msijenge. Nasema tena, msijenge. Najua kuna klabu zilianza na msingi wa matofali na mpaka leo ni msingi wa matofali, kuku wanalala. Ombeni chumba cha skuli ambacho mkondo wa pili haukitumii, au banda la chuo saa za asubuhi, au baraza kubwa la mtu mwenye roho nzuri. Masharti yangu ni choo chenye mlango unaofungika, maji, kivuli, na pasiwe kwenye barabara kubwa ya gari. Pakiwa pana jina la chama chochote ukutani pakimbieni, hata kama ni bure na pana feni, kwa sababu siasa zetu mnazijua, nusu ya mtaa hawatoleta watoto wao na hawatokwambia kwa nini.

Upande wa serikali, mnaanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yenu. Nendeni watatu wanne, mmoja awe mtu mzima, mmwambie mnachotaka kufanya na mumuombe barua. Sheria ya Baraza la Vijana Zanzibar ni Namba 16 ya 2013 na baraza lenyewe linashuka mpaka ngazi ya shehia, kwa hivo tizameni kwanza kama kwenu liko hai, mana mnaweza mkajikuta mnaanzisha kitu ambacho tayari kipo kimelala tu. Kujisajili kwa Mrajis (msajili wa serikali) kunakuja baadae mkishaona mnaendelea, muhimu mkitaka akaunti ya benki au mkopo wa kikundi.

Hapa sasa nitakaa kidogo mana hapa ndo watu wanapapita mbio. Ukikubali kukaa na mtoto wa mtu ushabeba amana. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, kwa hivo hata huyo kijana wenu wa miaka 16 anaejifanya kiongozi bado ni mtoto na yeye anatakiwa kuangaliwa. Ekeni kanuni hizi na msimuonee mtu haya: wakati wote wawepo wakubwa wawili, na mmoja awe mwanamke, hakuna mkubwa anaebaki chumbani na mtoto peke yao hata kama ni maalim, hata kama ni ndugu wa sheha, hakuna kumtuma mtoto nyumbani kwa mtu. Mnayemchagua kusimamia ulizieni habari zake kwa wanawake wa mtaa, wao wanajua mambo ambayo kamati ya wanaume haijui.

Na daftari la mahudhurio. Lile la kawaida la mistari, kurasa mia, mnalichora kwa rula: jina la mtoto, saa aliyoingia, nani amemleta, nani atamchukua, namba ya simu, saa aliyotoka, sahihi. Safu ya "nani atamchukua" inajazwa asubuhi, sio wakati wa kuondoka. Akija mjomba ambae hajaandikwa, mnampigia mama simu mbele yake, mama akisema sawa mnaandika, simu isipopatikana mtoto haondoki. Mjomba atakasirika, atasema mnanijua mie tangu mdogo, mpeni kiti na maji akae asubiri. Baada ya wiki mbili tatu mtaa mzima utazoea na hao hao wajomba watawasifu. Asiejua kuandika anatia dole gumba.

Likitokea la udhalilishaji, au mtoto akisema neno likakushtua, usimhoji hoji, usimwite baba mtu wala mtuhumiwa mkae kitako. Piga 116, ni namba ya simu kwa mtoto, bure, au mpelekeni yeye na mkubwa anaemuamini kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, pale anapata daktari, polisi na mtu wa ustawi pahala pamoja. Asikogeshwe na nguo zisifuliwe. Najua kinachofuata, wazee wawili wa mtaa watakuja na lugha tamu, tuyamalize kifamilia, huyu ni ndugu yetu, muhali, yaani kuoneana haya. Muhali huo ndo umewaacha watu wale wale wanapita mitaani mwetu mchana kweupe. Klabu isipokee sulhu ya mambo hayo, iandikeni kabisa kwenye katiba yenu na mumsomee kila mzee anaeleta mtoto.

Haya, watoto wakishafika wanafanya nini? Wala sio mambo makubwa. Nusu ya kwanza ni kazi za skuli, na hapa ndo wale waliomaliza fomu foo na wanasubiri majibu au wanasubiri sijui nini wanapata heshima yao: kila mmoja apewe watoto sita saba, awafatilie hesabu na kusoma, asiwafanyie. Alafu mchezo. Nage kwa wasichana (na wavulana wakitaka waacheni), keram, bao, dama, mpira. Kabla ya yote kaeni na maalim wa chuo mjue saa zake, mkigongana na chuo mmeshindwa siku ya kwanza na wazee watakuwa upande wa maalim, na kwa haki.

Na chakula, mtoto mwenye njaa hasomi. Uji unatosha. Kilo moja ya unga kwa maji lita nane au tisa inatoa kama vikombe thelathini. Unga ukoroge kwanza na maji baridi kwenye bakuli usije ukafanya madonge, ndo umimine kwenye maji yanayochemka, ukoroge muda wote, chumvi kidogo, mwisho tui la nazi moja na sukari. Nazi ziombwe kwa zamu, kila mzee nazi moja wiki yake, hilo hakuna anaelikataa Pemba. Wakati wa mihogo chemsheni mihogo. Vikombe vya plastiki viandikwe majina, na kabla ya kula kila mtu anaosha mikono kwa sabuni kwenye ndoo ya koki.

Wasichana wakubwa wanataka mpango wao. Baba wa kwetu atamruhusu mwanawe kama anajua Bi fulani yupo, choo kipo, na atarudi kabla ya magharibi, yakikosekana hayo matatu hata ufanye semina kumi haji mtu. Wapeni siku yao wenyewe na chumba chao, na ekeni pedi kwenye kabati, ufunguo ashike msichana mwenzao sio katibu mwanamme.

Kwa vijana wenyewe, wale wa miaka 18 mpaka 35, klabu isiwe kazi ya bure ya kulea tu, watachoka. Kila wiki siku moja iwe ya mambo yao. Mafunzo ya Amali, yaani ya ufundi, yapo Vitongoji na Daya Mtambwe kwa Pemba, Unguja yapo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi, mtu mmoja wa klabu apewe kazi ya kwenda kuuliza nafasi na masharti na kubandika majibu ukutani, mana vijana wengi hawaombi kwa sababu hawajui zinatoka lini. Anzeni kuweka na kukopa hata kwa elfu moja moja kwa wiki, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Mkiwa na daftari safi la mwaka mmoja hata mkienda ZEEA (wakala wa serikali wa kuwezesha wananchi kiuchumi) kuuliza mikopo mnakaa kitini mkiwa na cha kuonesha. Na kijana akifanya kazi vizuri mwandikieni barua, siku akienda kuomba kazi hoteli ana cha kutoa zaidi ya cheti.

Pesa: mchango wa wazee uwe mdogo na uwe kwa wiki, mia tano kwa mtoto, asiekuwa nayo alete kuni au aje kupika, na asitajwe mbele ya watu. Hesabu zibandikwe mlangoni kila Ijumaa, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Posho msianze kabisa, siku ikiingia posho siku hiyo hiyo kamati inagawika. Mtu wa hoteli au mbunge au nani akitaka kusaidia muombeni mikeka, madaftari, ndoo, sufuria kubwa, vitu vinavyoonekana na havina ugomvi.

Msimu wa karafuu utawajaribu. Kila mtu yuko juu ya mkarafuu, analipwa kwa pishi (kipimo cha karafuu alizochuma), na wasimamizi wenu nao ni vijana wanataka pesa, huwezi kuwazuia. Kwa hivo mapema, kabla karafuu hazijawiva, pangeni na mabibi ambao hawapandi, wachukue zamu za asubuhi, na vijana wabaki jioni kwa kupokezana, siku tatu kwa wiki badala ya sita. Wazee waambieni kabisa mtoto mdogo aletwe klabu asipelekwe kupanda, na yule anaechambua karafuu usiku mpaka macho mekundu apewe mkeka alale kidogo kabla ya hesabu.

Ramadhani nayo ina saa zake. Uji wa mchana ni wa wadogo wasiofunga, wanywe ndani sio barazani. Asubuhi kila mtu amelala kwa hivo msijisumbue, fungueni alasiri, wakati ambao mama yuko jikoni na mafuta ya moto na anataka watoto watoke miguuni pake, wasome, wacheze mambo mepesi ya kivulini, na saa kumi na mbili kasorobo kila mtoto awe ameshachukuliwa na sahihi imetiwa.