Kuvua vyuma kwa sumaku kwenye mialo ya Mwanza: jinsi ya kuanza

Mialoni kwetu Mwanza, chini ya maji kumejaa vyuma: misumari iliyowaponyoka mafundi mitumbwi, ndoano za sangara, minyororo, vipande vya nondo, vipuri vya mashine za boti. Watoto wanaogelea humohumo. Ukiwa na sumaku yenye nguvu na kamba nzuri unaweza kuanza kuvitoa, na kazi yenyewe ina utamu wake.

Hatua ya 1: Ruhusa

Mwalo una wenyewe. Mwone mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Nje ya mialo ya uvuvi, nenda serikali ya mtaa. Eleza unachotafuta kabla hujafungua begi. Madaraja, magati ya vivuko na mabomba ya maji achana navyo kabisa, na usirushe palipotegwa nyavu za watu.

Hatua ya 2: Sumaku

Tafuta ya neodimiamu yenye pete ya kufungia kamba. Inayovuta kilo 150 hadi 200 inamtosha anayeanza. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye bamba nene, safi na bapa, kwa hiyo kwenye chuma chembamba chenye kutu utapata nguvu kidogo sana kuliko hiyo. Usikimbilie kubwa zaidi: ikinata kwenye nguzo ya chuma huitoi. Mfuko ukibana, sumaku ya spika kubwa kutoka kwa fundi redio itakuzoesha mkono, ila ikigonga jiwe inavunjika. Dhahabu, shaba na aluminiamu hazinasi.

Iweke mbali na simu na kadi ya benki. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiishike kabisa.

Hatua ya 3: Kamba na fundo

Hapa ndipo wengi wanapopoteza sumaku. Chukua kamba laini ya nailoni, unene wa milimita 8 au zaidi, urefu wa mita 20. Manila ngumu za plastiki zinachakaa kwa jua na kukata viganja.

Kunja kamba mara mbili, pitisha kitanzi kwenye pete, kisha kwa kamba hiyohiyo iliyokunjwa piga fundo la kawaida bila kulikaza. Sasa pitisha sumaku yote ndani ya kitanzi, lowesha fundo, vuta taratibu mpaka likae. Wavuvi wa ndoano wanalijua. Pete nayo hulegea kila sumaku inapojizungusha chini: ipake gundi ya kufungia nati, iache siku nzima ikauke, na kila baada ya mirusho michache ijaribu kwa vidole.

Hatua ya 4: Kurusha na kuvuta

Simama pakavu, usiingie majini. Ziwa lina kichocho, na kwingine mamba. Vaa glavu nene, nenda na mwenzako. Ncha ya kamba ifunge kwenye mti au jiwe zito, kamwe si kiunoni wala mkononi. Rusha, subiri kamba ilegee, ndipo uvute polepole sumaku ikiburuta chini. Tope huvuta kwa ulaini. Chuma hushika ghafla, halafu uzito hauachii. Ikikwama, hama upande uvute kwa pembe nyingine, maana sumaku huteleza pembeni kwa urahisi kuliko kung'oka moja kwa moja.

Hatua ya 5: Ulichopata

Ndoano na misumari viingie kwenye kopo lenye mfuniko, visirudi majini. Kutu ikikuchoma, nenda zahanati kwa ajili ya pepopunda.

Ukiona kitu chenye umbo la bomu, risasi au bunduki, usikisafishe wala kukibeba. Kiache, ondoa watu, piga polisi 112. Kwa wanaofanya kazi hii upande wa Kagera, kulikopiganwa vita ya 1978–79, hili ni la kuzingatia hasa. Vitu vya kale navyo vina sheria yake: ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Vilivyobaki muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye kibali. Mita za maji, vipande vya reli na alama za barabarani usiviuze. Vipeleke serikali ya mtaa, usije ukaonekana ndiye uliyeviiba.

Ukifika nyumbani futa sumaku, ikaushe, ipake mafuta kidogo, uihifadhi kwenye boksi la mbao.