Patel yupi? Namna ya kumpata Patel unayemtafuta

Mwaka 1994 nilimkabidhi mzee mmoja kadi 300 za harusi ya mtoto asiyekuwa wake. Furushi lilikuwa limeandikwa "R. M. Patel". Mzee aliposimama kaunta nikamuuliza jina, akasema R. M. Patel, nikampa, akaondoka nazo. Yeye alikuwa amefuata vitabu vya risiti vya duka lake la vifaa vya ujenzi. Saa kumi na moja jioni akaingia R. M. Patel wa pili, baba wa bibi harusi hasa, na mimi sina cha kumpa ila vitabu vya risiti.

Bosi wangu ni Mgujarati ila si Patel. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umekosea swali. Patel haulizwi jina, anaulizwa gam." Gam ni kijiji. Nimepanga herufi na kuchapa kadi Dar es Salaam, jirani na mahekalu ya Kisutu, kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu siku ile sijakosea tena furushi. Nawaandikia hapa ninavyofanya, kwa kuwa wanaokuja kuniuliza si wateja wa kadi peke yao. Huja makarani, mawakala wa nyumba, na siku hizi wajukuu wanaotafuta babu.

Kwanza usilichukue Patel kama jina la ukoo mmoja. Ni cheo. Huko Gujarat, magharibi mwa India, patel alikuwa mkubwa wa kijiji: anasimamia mashamba, anakusanya kodi na kuipeleka kwa mtawala, na mtawala akitaka kumkaripia mtu anamkaripia yeye. Kwetu tulikuwa na jumbe, na tunajua jinsi Jumbe na Mwinyi yalivyotoka kwenye cheo yakawa majina ya watu. Patel limepita njia hiyo hiyo. Ukivuka kusini hadi Maharashtra utakuta Patil, ni neno lile lile limebadilika mdomoni.

Waliolibeba zaidi ni wakulima waliokuwa wakiitwa Kanbi. Walipopata ardhi na heshima walijiita Patidar, yaani mwenye pati, kipande cha shamba, na ilipofika sensa ya mwaka 1931 wakaandikwa hivyo. Kwa hiyo Patidar ni jamii, Patel ni jina ambalo wengi wa jamii hiyo wanalitumia. Tena huku tumezoea kumwita kila Mhindu Banyani. Kwa Patel hilo ni kosa. Banyani limetoka kwa Vania, watu wa biashara tangu asili, ambao kwenye kadi zangu ni akina Shah na Mehta. Patel ni mkulima aliyeingia dukani baadaye. Ukimwita Banyani hatakugombeza, ila atakuona hujui.

Sasa soma jina lenyewe. Hapa sisi Waswahili tuna bahati, maana tunaandika majina kwa mpango huo huo: langu, la baba, la ukoo. Chukua mtu anayejulikana na wote, Vallabhbhai Jhaverbhai Patel, yule Sardar aliyeongoza wakulima wa Kheda mwaka 1918 na Bardoli mwaka 1928, kisha akawa naibu waziri mkuu wa kwanza wa India. Vallabhbhai ni yeye, Jhaverbhai ni baba yake. Kaka yake alikuwa Vithalbhai Jhaverbhai Patel, na ukiona Jhaverbhai katikati ya wote wawili umeshajua ni wa tumbo moja. Binti yake aliitwa Maniben Vallabhbhai Patel. Jina la katikati ndilo linalofanya kazi. La mwisho ni kama kuandika "Mtanzania".

Bhai maana yake kaka, ben ni dada, na vimegandishwa kwenye jina kwa heshima. Hivyo Ramesh na Rameshbhai ni mtu mmoja, usifungue mafaili mawili. Wazee huandika bhai, vijana huiacha, na katika pasipoti moja inaweza kuwepo ilhali katika cheti cha kuzaliwa haipo. Mteja anapokuja kaunta, mwanamume namwita bhai na mwanamke ben, hata kama jina lake silijui.

Wanawake ndio wanaowachanganya makarani zaidi. Binti wa Patel anapoolewa na Patel, jina la mwisho linabaki lile lile. Kinachobadilika ni la katikati: la baba linatoka, la mume linaingia. Nimewahi kuletewa na wakala wa nyumba mikataba miwili, jina la kwanza moja, Patel moja, katikati tofauti, akiapa kwamba kuna utapeli. Hakukuwa na utapeli wowote. Mama alikuwa ameolewa kati ya mkataba wa kwanza na wa pili. Uliza tu kwa adabu, "Hili la katikati ni la baba au la mzee wa nyumbani?" Utajibiwa kwa kicheko.

Na ile minong'ono kwamba Patel wanaoana ndugu kwa ndugu, iacheni. Patel kwa Patel ni sawa na mtu wa pwani kuoa mtu wa pwani. Kwa kawaida yao mtu haoi katika kijiji cha baba yake, maana wa kijiji kimoja huhesabiwa kaka na dada. Huoa ndani ya gol, yaani duara la vijiji vinavyobadilishana mabinti. Katika nchi ya Charotar, huko Kheda na Anand kwenye mashamba ya tumbaku, duara lenye jina kubwa kuliko yote ni la vijiji sita: Nadiad, Karamsad, Dharmaj, Sojitra, Bhadran na Vaso. Lipo na la vijiji ishirini na saba, na mengine. Kadi zote zinapita mezani kwangu na zote zina Patel upande wa bwana na upande wa bibi, lakini chini ya kila jina la baba kuna kijiji, na vijiji havifanani.

Ndiyo maana kadi ya harusi, wao huiita kankotri, ni hati bora kuliko cheti chochote. Juu kabisa anakaa Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Chini yake, familia nyingi huweka mungu mama wa ukoo. Ukiona Umiya Mata, hao yaelekea ni wa tawi la Kadva, wale wenye hekalu kuu mji wa Unjha. Khodiyar Mata nimemwona zaidi kwa tawi la Leuva. Kisha majina ya mababu, kisha kijiji, kisha neno "hal", maana yake kwa sasa, likifuatiwa na Dar es Salaam, Nairobi, Leicester au New Jersey. Kwa mistari minne umeshapewa safari nzima ya familia. Leuva na Kadva ni matawi mawili makubwa ya Patidar, lakini usimuulize mtu kaunta yeye ni tawi gani. Kijiji ni swali la ujirani, tawi ni swali la posa.

Ukiwa Kenya kuna jambo jingine la kuangalia. Patel wengi wa Nairobi na Mombasa walio kwenye ujenzi hawatoki Charotar, wanatoka Kutch, upande mwingine wa Gujarat, vijiji vilivyozunguka mji wa Bhuj kama Madhapar, Baladia na Sukhpar. Hao ni Leva Patel wa Kutch, wafuasi wa madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan, na nyuma ya Patel wana jina la ndani: Hirani, Vekaria, Bhudia, Halai, Pindoria, Varsani. Ndugu wawili wanaweza kuwa mmoja Patel katika leseni ya biashara na mwenzake Hirani. Kwa hiyo ukimkosa mtu wako kwenye P, mtafute kwa jina la ndani.

Kinyume chake pia kipo. Wapo Patidar wasioitwa Patel, kwa kuwa babu zao walipewa vyeo vingine vya kodi na wakavifanya majina: Amin, Desai. Naam, Amin. Agosti 1972 Jenerali Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, miongoni mwa waliofunga mizigo walikuwamo Wahindu wenye jina la Amin. Na Patel si lazima awe Mhindu. Upande wa Bharuch, huko huko Gujarat, wapo Waislamu wengi waitwao Patel, wapo na Waparsi. Niliwahi kumwekea Patel mmoja Ganesh juu ya kadi bila kumuuliza. Akairudisha prufu, nakala ya kukagua, taratibu na kusema, "Bhai, sisi tunaanza na Bismillahi." Mimi mwenyewe naswali, aibu niliyoipata siku ile sina wa kumlaumu.

Waliletwa huku na nini? Wengi hudhani ni reli ya Uganda. Wale vibarua 32,000 hivi walioijenga mwaka 1896 hadi 1901 walikuwa hasa wa Punjab. Patel wa Charotar walizidi kuja baadaye, baada ya njaa kuu ya 1899 na 1900 ambayo Wagujarati huiita Chhappaniyo, wengi wakiwa vijana waliosoma Kiingereza kidogo, wakawa makarani wa stesheni na wa serikali, kisha ndio wakafungua duka. Mmoja ninayemtaja kwa upendeleo wa kazi yangu ni Ambu Patel wa Nairobi, fundi wa kujalidi vitabu, aliyesumbuka miaka kudai Jomo Kenyatta afunguliwe.

Kwa anayetafuta babu, kusanya kwa mpangilio huu: jina la babu na la baba yake, hata kama ni la kutajiwa tu, kijiji, mwaka aliofika na bandari. Pasipoti ya zamani ya kikoloni ina mahali pa kuzaliwa. Picha ina mgongo, igeuze. Ukishapata kijiji, nenda kwenye samaj, chama chao, katika mji aliokaa. Usiulize "mnamjua Patel?" Uliza nani hapa ni wa kijiji fulani. Na kule Gujarat wapo vahivancha, watunza nasaba wa kurithi, wenye vitabu virefu wanavyoandika vizazi vya kila familia, baba na mwana, baba na mwana. Kitabu hicho hakifunguki kwa jina Patel. Kinafunguka kwa kijiji.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Tabora, nywele za mama yake na pua ambayo sikuhitaji kuulizia. Babu yake alikuwa na duka huko, watu walimwita Pateli tu, akaondoka kabla mama wa kijana hajaanza shule. Alikuwa na picha moja kwenye bahasha ya kaki. Nikamwambia aigeuze. Nyuma palikuwa na wino uliofifia, maandishi ya Kigujarati, yale yasiyo na mstari juu kama ya Kihindi. Mimi Kigujarati sikijui kukizungumza zaidi ya salamu na bei, lakini herufi zake nimezishika kwa vidole tangu zikiwa za madini ya risasi. Neno la mwisho lilikuwa na herufi mbili. Va. So.

Akaniuliza Vaso ni nani. Nikamsogezea kiti, nikachukua simu.