Kabla ya kulaumu macho, angalia meza ilipo

Macho yakichoka mbele ya kompyuta, kabla hujatoa hela ya miwani ya kuzuia mwanga wa bluu wa skrini, izime kwanza. Kaa kitini kwako saa ileile unayofanya kazi, utazame skrini ikiwa nyeusi. Ukiona dirisha, taa ya dari au shati lako jeupe, basi hayo ndiyo macho yako yanashindana nayo kutwa nzima.

Msumbufu mkubwa ni dirisha. Likiwa mgongoni, mwanga wake unatua kwenye skrini. Likiwa mbele yako, unasoma herufi huku nuru ya nje ikikupiga usoni. Geuza meza, dirisha liwe ubavuni. Kwa Dar es Salaam, dirisha la magharibi huanza vurugu alasiri, na bati jipya la jirani linaweza kukurushia mwanga hata pale jua lenyewe halifiki. Pazia linatosha. Meza isiwe na kioo juu, hilo watu husahau.

Kisha weka karatasi nyeupe kando ya skrini. Skrini iking'aa kama taa kando ya karatasi, punguza mwanga. Ikionekana ya kijivu, ongeza. Usiku ufanye hivyo tena, maana chumba kimebadilika.

Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Mwenye miwani ya kuonea mbali na karibu aishushe zaidi, la sivyo atainua kidevu siku nzima na shingo itamdai.

Feni nayo ielekezwe miguuni. Tukikodolea skrini hatupepesi vya kutosha, macho hukauka; upepo wa usoni unamalizia. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Na ile miwani ya bluu? Uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, uliokusanya majaribio 17, haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Hela hiyo kapimie macho, hasa ukishagonga miaka 40. Ila pima kwanza kwa futi kamba umbali wa kutoka machoni hadi kwenye skrini, umtajie mpimaji: miwani ya kusomea kitabu kwa sentimita 40 haitakufaa kwa skrini iliyo sentimita 65.