Subiri ngumi ikaribie: namna ya kuanza gemu za PlatinumGames

Kibanda changu cha gemu kipo Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka Mwaloni, na wateja wengi huja kwa mpira: mechi moja, aliyefungwa anaachia padi. Lakini kwenye kona kuna TV moja ambayo mpira hauchezwi. Hapo ndipo ninapowafundisha watu Bayonetta, gemu ya mwanamke mchawi anayepigana hata kwa nywele zake, na utaratibu ninaoutumia nauandika hapa kwa sababu gemu yenyewe haifundishi vizuri. Hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa la studio iliyoitengeneza, studio ninayoipenda kuliko zote.

PlatinumGames iko Osaka, Japani. Ilianza 2006, na waanzilishi wake walitoka Capcom, kampuni nyingine ya gemu, akiwemo Hideki Kamiya aliyeongoza gemu ya Devil May Cry ya 2001. Gemu zao nyingi ni za mapigano ambayo kushinda peke yake hakutoshi. Katika Bayonetta kila pambano linaisha na medali: jiwe, shaba, fedha, dhahabu, platinamu, na juu kabisa platinamu safi. Nimekulia Kisesa, karibu na Bujora, ambako Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana, na anayeshinda ni yule aliyewavuta watu kwake. Kwenye bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe, kila mtu anajua kushika jembe. Watu wanakuja kumwona anayelirusha hewani na kulidaka bila kupoteza mdundo. Ukiingia kwenye Bayonetta na moyo huo utaielewa mapema.

Kabla ya padi, shughulikia TV. Flati nyingi huchelewesha picha kidogo, na kwenye mpira huwezi kuona tofauti, lakini hapa utapigwa ukidhani umekwepa. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta hali iliyoandikwa Game, iwashe. Kama una TV ya zamani ya chogo na mashine yako inakubali waya wake, tumia hiyo, haina ucheleweshaji huo.

Halafu chagua toleo. Bayonetta ya PS3 iache. Haikuhamishwa na PlatinumGames wenyewe, ilihamishwa na Sega, kampuni iliyoichapisha, na picha inakwamakwama pale mapigano yanapokolea. Ya Xbox 360 ni nzuri. Ya PS4, iliyotoka 2020 pamoja na gemu yao nyingine, Vanquish, ni nzuri zaidi, na ndiyo niliyonayo kibandani. Vitufe nitakavyovitaja ni vya PS4.

Sasa somo lenyewe. Mweke mchezaji kwenye kiwango cha kawaida, siyo kile chepesi, kwa sababu viwango vyepesi vina msaada wa kukupigia kombo, yaani mfululizo wa mapigo, na mikono haitajifunza kitu. Kisha mkataze kupiga. Kwa nusu saa nzima ni R2 tu, kitufe cha kukwepa. Adui akiinua mkono, usibonyeze. Akianza kuushusha, bado. Ngumi ikiwa karibu kugusa nywele, bonyeza. Ukipatia, dunia nzima inapungua mwendo, adui anaganda kama yuko ndani ya maji, na wewe peke yako unatembea kawaida. Wao wanaita Witch Time, sisi kibandani tunaita muda wa mchawi.

Mpwa wangu alipoanza alikuwa anakwepa mapema, kila mara mapema. Nikamwambia awakumbuke wavuvi wa dagaa usiku: taa imewashwa, samaki wanaanza kuizunguka, na anayevuta wavu kabla hawajakusanyika anarudi na maji. Siku ya tatu alielewa. Niliona kwa vidole vyake kabla sijaona kwenye TV, vilikuwa vimetulia juu ya padi.

Hapo ndipo unaongeza kupiga, na anza na kombo moja tu: pembetatu, duara, pembetatu. Ngumi, teke, ngumi, halafu mkono mkubwa wa nywele unatoka hewani na kumfagia adui. Ina nguvu na ni fupi, itakufikisha mbali. Baada yake fundisha jambo ambalo wengi wanamaliza gemu bila kulijua. Piga pembetatu, kisha duara, na duara usiliachie. Adui akishambulia, kwepa kwa R2 huku duara bado umelishikilia. Ukimaliza kukwepa, bonyeza pembetatu ya mwisho: kombo inaendelea pale ilipoishia, na ule mkono wa nywele unatoka. Kukwepa na kupiga vinakuwa tendo moja. Mimi sijaona studio nyingine iliyofikiria mikono ya mchezaji kwa heshima kiasi hicho.

Na ndiyo maana makosa yao yananiuma. Ukiwa umezama kwenye mapigano, ghafla filamu inakatiza na kitufe kinatokea kwenye skrini. Ukichelewa kidogo, umekufa hapo hapo. Kifo hicho kinashusha tuzo yako ya mwisho wa sura ingawa hakihusiani na chochote ulichojifunza. Halafu kuna sehemu ya kuendesha pikipiki na nyingine ya kupanda kombora, zote ndefu mno. Dawa yake: filamu ikianza, padi isitoke mkononi. Kwenye pikipiki, usihangaikie medali mara ya kwanza, pita tu.

Metal Gear Rising ya 2013, nayo ni yao, ina somo lile lile kwa sura nyingine. Hapo hukwepi, unapangua: sukuma stiki ya kushoto kuelekea kwa adui na bonyeza mraba pamoja, upanga unakutana na upanga. Gemu inakuonyesha jambo hili mapema lakini haikulazimishi, kwa hiyo watu wanasonga bila kulijua hadi wanakutana na bosi, yaani adui mkubwa, anayeitwa Monsoon, na hapo wanakaa. Fanya mazoezi ya kupangua kwenye sura ya kwanza, ukubali kupigwa, usiendelee hadi liwe la kawaida. Kamera yake inabanwa ukiwa karibu na ukuta, kwa hiyo pigania katikati ya uwanja. Ni fupi pia; ukikaza unaimaliza kwa siku moja.

NieR: Automata ya 2017, yao pia, ndiyo ninayompa mtu anayetaka hadithi. Mwongozaji wake ni Yoko Taro, mapigano ni mepesi kuliko Bayonetta, na maadui wanajirudia. Ukiona majina ya watengenezaji yanapita usidhani imeisha, endelea, sehemu kubwa ya hadithi iko mbele. Ila sikia hili vizuri wewe unayeishi kwetu: gemu haijihifadhi yenyewe, na sehemu ya kwanza, ambayo inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa, haina mahali popote pa kuhifadhi. Ukifa unarudi mwanzo kabisa. Umeme ukikatika, vilevile. Nimeona kijana mkubwa akitokwa machozi kwa jambo hilo. Ianze usiku sana au alfajiri, umeme ukiwa umetulia, na sehemu hiyo ichezee kwenye kiwango chepesi, utabadilisha baadaye.

Kuhusu kununua diski za mtumba. Wamewahi kufanya kazi nyingi za haraka za kuagizwa, zenye majina ya katuni maarufu. Transformers: Devastation ya 2015 ni nzuri kweli, ukiipata chukua. Ile ya kobe wanne, Teenage Mutant Ninja Turtles, ya 2016 iache. Babylon's Fall usiiguse hata ukipewa kwa bei ya soda: ilitoka Machi 2022, inahitaji intaneti, na seva zake zilizimwa Februari 2023. Diski ipo, gemu haipo.

Ukimaliza Bayonetta mara ya kwanza, rudi sura ya kwanza kwenye kiwango kigumu zaidi. Wale maadui waliokutesa utaanza kuwasubiri. Na huko juu kabisa kuna kiwango ambacho ukikwepa muda haupungui tena, muda wa mchawi umeondolewa. Mpwa wangu yuko hapo sasa, na jioni watu wa mpira wanaacha zamu zao kuja kusimama nyuma ya kiti chake.