Kabla ya kuchora bondi, hesabu vifungo

Nina kopo la vifungo vya shati. Si fundi cherehani. Nafundisha kemia, na kila kifungo kwangu ni elektroni moja ya ganda la nje. Hizo za nje ndizo zinazounganisha atomu, na muungano huo ndio bondi. Za ndani ziache zilale.

Anza na rahisi. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1, kwa hiyo inapata kifungo kimoja. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7: vifungo saba. Sukuma kile kimoja cha sodiamu kiende kwa klorini. Klorini imetimiza nane, idadi ambayo atomu nyingi huitafuta kwenye ganda la nje. Sodiamu imebaki na ganda la chini yake, ambalo lilikuwa na nane tangu awali. Sasa moja ina chaji chanya, nyingine hasi, zinavutana. Hiyo ndiyo chumvi, na mvutano huo si mchezo: ukiipasha moto haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi. Ila usizichore kama wachumba wawili. Ndani ya fuwele, kila ayoni (atomu yenye chaji) ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini.

Kwenye kabonidaioksaidi ndipo wengi wanapoteleza, mimi nikiwa wa kwanza. Kaboni moja inaleta 4, na oksijeni ni mbili, kila moja 6. Jumla 16. Iandike pembeni ya karatasi. Mimi sikuiandika; mtihanini nilichora mstari mmoja, yaani jozi moja ya elektroni, kila upande, nikaijazia kila atomu nane zake, nikaridhika. Ukizihesabu zilikuwa 20. "Nne umezitoa wapi?" aliniuliza msahihishaji kwa wino mwekundu.

Fanya hivi. Kaboni ikae katikati, na kati yake na kila oksijeni weka vifungo viwili. Vimebaki 12, wape oksijeni sita sita. Oksijeni zimeshiba, kaboni ina vinne tu, na mkononi huna kitu. Usirudi kwenye kopo! Chukua jozi moja ya kila oksijeni, isogeze katikati itumiwe na atomu zote mbili. Hesabu tena vinavyoizunguka kila atomu: nane, nane, nane. Mezani bado ni 16, na kila upande una bondi ya jozi mbili.

Hidrojeni usiidai nane. Mbili zinaitosha, kama heliamu.

Ukishazoea, jaribu boroni na florini tatu. Vifungo 24. Ukimaliza, boroni itabaki na sita, na mkono utakuwasha kuiongezea. Iache hivyo hivyo, hujakosea.